Masikio ya Loise

Tulimzika Kagendo mwezi wa nane, kwao Meru, kwenye shamba la migomba lenye mteremko mkali kiasi kwamba viti vya plastiki vilikuwa vinateleza polepole kuelekea kaburini, pamoja na sisi tuliovikalia. Mwendeshaji wa ratiba alinipa dakika mbili nizungumze kwa niaba ya wale waliofanya kazi na marehemu Embu. Nikasimama, nikavaa miwani, nikasema alikuwa mwalimu mvumilivu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Uongo huo niliusema hatua nne kutoka kwenye jeneza lake, na kama angeweza angegonga mbao kutoka ndani. Kagendo hakuwa mvumilivu. Kwa mwaka mmoja alinifundisha kuchora kwa kompyuta kama mtu anavyomfundisha punda njia ya sokoni, na kila nilichojua baadaye kuhusu kuangalia kitu na kukisema kilivyo, hata hii kazi yangu ya kuandika makala ambayo watu wachache husoma na wachache zaidi hulipia, kilitoka katika chumba chake. Lakini kuna alasiri moja ya mwezi wa kumi na moja ambayo nisingeweza kuitaja pale hata kama ningepewa saa nzima, kwa kuwa ingenibidi niseme kwanza nililofanya mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa na digrii ya fasihi na jozi moja ya viatu, na vyote viwili vilikuwa vimeanza kuachia nyuzi. Niliingia kwa Kagendo kuchapisha barua ya kuomba kazi. Studio yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, Embu mjini, na ukuta uliotutenganisha na mashine ulikuwa mwembamba hivi kwamba unga ulipita. Ulikuwa juu ya skana, juu ya printa, juu ya nyusi za Kagendo. Kompyuta aliifunika kwa leso kila alipoondoka, kama mtoto aliyelala. Zamani alikuwa mchoraji wa mabango: ng'ombe wa buchari, vichwa vya saluni, kikombe cha chai chenye mvuke kwenye ukuta wa hoteli. Kisha akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika na kibao cha kuchorea chenye kalamu isiyo na wino, akagundua kwamba watu wa Embu na Meru wanaweza kuishi bila picha lakini hawawezi kuzikwa bila picha. Jumatatu hadi Alhamisi jamaa walikuja na kilichokuwepo, mara nyingi kitambulisho tu, kile chenye picha ya ukubwa wa ukucha, na yeye akaikuza, akaichora upya kwa mkono juu ya kioo, mpaka ikawa uso wa kusimamishwa mbele ya jeneza.

Siku hiyo, nikisubiri barua yangu, nilisoma wasifu wa marehemu fulani uliokuwa wazi kwenye kioo, nikamwonyesha Kagendo makosa saba ya kisarufi. Hakuniuliza nani ameniuliza. Alinitazama kutoka viatu kwenda juu.

"Wewe ndio umesoma sana? Sasa ambia marehemu pole. Umemkosoa na hata hajazikwa."

Nilirudi siku iliyofuata kuandika wasifu, na katika wiki mbili nikawa naitwa Digrii na kila mtu hadi mwendesha mashine ya unga. Baada ya mwezi alinipa kalamu ile isiyo na wino, akaniwekea yai juu ya meza na kuniambia nilichore kwa rangi ya kijivu peke yake. Nilichora yai siku tisa. Nikimaliza, yeye huigeuza picha, kushoto ikawa kulia, na yai langu lililoonekana zuri likageuka kiazi kilichokanyagwa. Nafikiri ndiyo hila ya kwanza ya kazi ile na ya kazi nyingine nyingi: macho huzoea makosa yako kama pua inavyozoea nyumba yako, mpaka ugeuze. Baada ya yai ikaja sufuria, baada ya sufuria kiazi cha nduma, kila mara bila rangi, na kila mara swali moja. "Mwanga unatoka wapi?" Nikijibu kutoka dirishani, alisema, "Sasa mbona nduma yako inang'aa kutoka kwa mashine ya unga?" Rangi niliruhusiwa mwezi wa sita. Alinikataza nyeusi kwenye vivuli. Alisema kivuli cha ngozi yetu kina wekundu na zambarau na hata kijani kidogo, na kwamba mtu anayetia weusi mtupu anachora shimo.

Mchana tulikula juu ya meza ileile, tukisogeza kibao. Yeye alipika mchanganyiko wa mahindi na maharagwe ambao mimi huita githeri na watu wa kwao huita muthere, na tulibishana kwa miezi kumi kama ni chakula kimoja. Msimamo wake ulikuwa kwamba muthere ni chakula na githeri ni adhabu ya shule ya bweni. Tulikula kimya mashine ilipozimwa, kwa sababu hapo ndipo sauti za wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kusaga zilipopita ukutani, na wao walikuwa wahakiki wetu. Walikuwa wameona picha zetu kwenye kila mazishi.

"Ile ya mama Njue waliiweza. Hata lile jicho lake la kukutazama likakukosea."

"Lakini baba Mugo! Wamempaka akawa kama ametoka kuoga mbinguni."

"Si ni huko alikuwa anaenda?"

Kagendo alicheka na kijiko mdomoni. Mimi sikucheka, kwa sababu picha ya baba Mugo niliichora mimi. Mwezi wa saba nilikuwa nimegundua brashi laini, ile yenye kingo zinazoyeyuka, na pamoja nayo ugonjwa wa mwanafunzi wa katikati. Anayeanza anajua kwamba hajui. Wa katikati amejua mambo mawili na anadhani ni manne. Nilifuta mikunjo, nikajaza mashavu, nikasafisha madoa, na wateja wakanipenda. Walianza kuuliza, "Yule kijana yuko?" Kagendo aliangalia picha zangu kwa muda, akasema nawapaka marehemu mafuta ya kujipaka. Nilidhani ni wivu. Ninaandika sentensi hiyo nikiwa na miaka hamsini kasoro na bado masikio yanapata moto.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Kwenye programu ya kuchorea unachora kwa matabaka, kama shuka zilizotandikwa moja juu ya nyingine. Kagendo aliyaita leya kama kila mtu. Picha iliyotoka kwenye skana inakaa chini kabisa na kufungwa. Kila unachochora unakichora juu yake, kwenye leya nyingine, ili ukikosea unaondoa shuka na kumkuta mtu bado amelala chini. "Leya ya chini ni ya marehemu," alisema. "Haiguswi." Lakini kompyuta ilikuwa nzee, na leya zikizidi tano ilianza kupumua kama mtu anayepanda vilima vya Kibugu na gunia la majani chai mgongoni. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa tisa, Kagendo asipokuwepo, nilikuwa nachora moja kwa moja juu ya picha ya skana na kuhifadhi hapohapo. Ilikuwa haraka. Sikuwahi kukosea. Hayo ndiyo maneno yangu ya wakati ule: sikuwahi kukosea.

Wiki ile ya Novemba Kagendo alikuwa amekwenda Kibugu siku tatu kuchora wanyama kwenye ukuta wa shule ya chekechea. Jumanne asubuhi akaja mtu mmoja aitwaye Ireri, karani wa ofisi fulani hapa mjini, mwenye suti na sauti ya chini ya mzee wa kanisa. Alitoa kitambulisho cha mama yake, Loise, wa kule Kiambere, upande wa Mbeere. Mvua ilikuwa imenyesha kwa nguvu. Loise alivuka mto wa msimu akitoka kwa jirani, maji yakamchukua, na walimpata siku ya sita. Ireri alisema hivyo kwa sentensi moja, kama mtu anayesoma muhtasari wa kikao. Kisha akasema jeneza halitafunguliwa. "Kwa hivyo picha ndiyo watu wataona. Hatuna nyingine. Mama hakupenda picha." Aliomba niharakishe kuiskani kwa kuwa kitambulisho kilikuwa kinahitajika mchana huohuo; kinasalimishwa kwa msajili ndipo familia ipate kibali cha mazishi. Nikaskani, nikamrudishia, akaenda.

Kadi ilikuwa imekaa miaka mingi kwenye kibeti pamoja na ufunguo, na uso ulikuwa umekwaruzika. Nilimsafisha paji la uso. Nilimsafisha mashavu. Chini ya masikio, kila upande, kulikuwa na mstari mwembamba uliopinda kuelekea shingoni, wa kushoto ukiwa umekatika. Nikasema, mikwaruzo. Nikaifuta, na mahali pake nikampa ndewe mbili ndogo za masikio, za mviringo, safi, kama za msichana wa tangazo la hereni. Hapa msomaji wa Embu ameshaweka kitabu chini na kushika kichwa. Nami nilikulia hapahapa. Nimewaona wanawake wa rika la Loise maisha yangu yote, wenye masikio yaliyotobolewa na kupanuliwa tangu usichana mpaka nyama ikaning'inia kama kitanzi. Nilikuwa nimekaa karibu nao kanisani. Lakini hakuna somo nililofuata kwenye kompyuta ile, wala mfano wowote wa uso niliowahi kunakili, uliokuwa na sikio kama hilo, na miezi minne ya brashi laini ilikuwa imenifundisha kwamba kila nisichokitambua ni uchafu.

Alhamisi saa saba mchana Ireri alirudi, akiwa amemshika mkono Tabitha, dada mdogo wa mama yake, aliyemwita tata kama watu wa kwao wanavyomwita mama mdogo. Gari la maiti lilikuwa liondoke mochari saa kumi na moja ili lifike Kiambere kabla ya giza, mazishi yakiwa kesho yake asubuhi. Tata alikuwa mrefu, mwembamba, na kitambaa kichwani kilichofungwa kwa nguvu. Alinisalimia kwa mkono, akawasalimia wateja wawili waliokuwa wameketi, akaisalimia hata printa kwa kuiangalia. Hakuwa ameruhusiwa kumwona dada yake mochari. Ireri aliniambia hilo pembeni: tangu mto, tata alikuwa anasubiri hii picha. Nikaitoa kwenye bahasha kwa madaha, nikaisimamisha juu ya meza dhidi ya ukuta.

Aliitazama muda mrefu. Mashine upande wa pili ilikuwa inasaga na picha ilikuwa inatetemeka kidogo.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama, tata," Ireri akasema.

"Mama ya nani?"

"Tata, pengine ni macho…"

"Macho yangu yana shida na sindano. Na watu hayana shida. Kaa kando." Alisogea. "Mimi nilizaliwa nikampata Loise. Nimelala na yeye kwa ngozi moja ya ng'ombe mpaka akaolewa. Huyu sijalala na yeye. Masikio yako wapi?"

Ndipo nikaelewa ile mistari miwili ilikuwa nini, yote kwa mara moja. Nikasema, kwa sauti ya digrii, nikimwita bibi kwa lugha ya kwao, "Picha ya kitambulisho ilikuwa imefifia sana, cucu. Masikio hayakuonekana."

"Basi tufungue leya ya chini, tuangalie."

Kagendo alikuwa mlangoni. Alikuwa ametoka Kibugu na twiga mikononi, yaani rangi ya manjano hadi viwikoni, na sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Nilikaa mbele ya kompyuta. Nilifungua faili polepole kadiri kompyuta ilivyoruhusu, na kwa mara ya kwanza sikuilaani kwa uzee wake. Nikasema imekwama. Haikuwa imekwama. Kagendo akainama juu ya bega langu, akanuka tapentaini, akatazama pale pembeni ambapo leya hupangwa. Ilikuwa moja. Aliuliza tu, bila kugeuka, "Bwana Ireri, kitambulisho kiko wapi?"

"Tulirudisha Jumanne. Ndio tukapata kibali."

"Hakuna ingine? Ya harusi, ya kanisa, ya chama?"

"Hakuna."

"Digrii," akasema. "Ambia mama."

Nimewahi kuombwa kusema ukweli mbele ya kamati, mbele ya mke wangu, na mara moja mbele ya hakimu, kwa jambo la ng'ombe wa jirani. Hakuna mara nyingine iliyonichukua muda kama ule. Niligeuka kwenye kiti. Nikamwambia tata Tabitha kwamba masikio yalionekana, ila niliyadhania mikwaruzo, na kwamba nilichora juu ya picha yenyewe badala ya pembeni yake, na kwamba sasa haipo. Sina nyingine. Hakuna mwenye nyingine.

"Kwa hivyo ulimfuta."

"Ndiyo, cucu."

"Kwanza maji. Halafu wewe."

Ireri alisogea mbele haraka, na niliona kwamba alitaka jambo hilo liishe kwa njia yoyote. "Tata, si ni sawa tu. Mama alikuwa ameokoka. Watu wa kanisa watakuja, pasta atakuja na wageni. Hii picha ni ya heshima. Ama basi wamchoree kitambaa, kifunike masikio, tuende. Alikuwa anavaa kitambaa kila siku."

Kitambaa! Ningekichora kwa dakika kumi na tano. Nilikuwa nimeshashika kalamu. Nilimtazama Kagendo, naye akamtazama tata, na hakunisaidia hata kwa nyusi.

"Kitambaa alikuwa anavaa akienda kwa watu," tata Tabitha akasema. "Mimi si watu."

Saa ya ukutani ilisema saa nane kasorobo. Kagendo aliwaomba wateja warudi kesho. Alivuta kiti, akakipangusa unga, akakiweka karibu na changu. "Mama, kaa hapa. Wewe utasema, huyu atachora."

"Chora wewe," nikamnong'oneza. "Tafadhali. Mimi sitaweza."

"Mimi sikumfuta," akasema, akaenda kunawa mikono.

Nilifungua leya mpya, na nyingine juu yake, nikaanza kwa kijivu kama siku za yai. Tata alifungua kitambaa chake ili nione mfano, lakini masikio yake hayakufaa. Yalikuwa yameshonwa. Kila ndewe ilikuwa na mshono mdogo mgumu kama ncha ya kamba ya kiatu. Alinieleza, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kimbeere, ambacho mimi mtoto wa mjini sikukijua vizuri, huku Ireri akitafsiri bila kupenda: walitobolewa siku moja, yeye na Loise, kwa mwiba, wakapanuliwa kwa vipande vya mti mwaka baada ya mwaka. Walipotaka kubatizwa waliambiwa waende hospitali ya misheni wakashonwe. "Mimi nikaenda. Loise akanisindikiza mpaka kwa geti, akakaa chini anakula muwa. Akaniambia, nenda ushonwe kama gunia." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mwishowe walimbatiza hivyo hivyo. Walichoka."

Nikachora kitanzi. Akasema hiyo ni kamba ya mbuzi. "Nyama ina uzito. Inavutwa chini." Nikaongeza unene chini. Akasema sasa ni soseji. Kagendo, nyuma yangu, akauliza kwa upole ambao sikuwa nimewahi kuusikia, "Mwanga unatoka wapi?" Nikaona kwamba kitanzi kilihitaji kuangaza ndani yake, kwamba pale nyama inapokuwa nyembamba jua hupita na kuleta wekundu, na kwamba kivuli chake huanguka shingoni, si chini ya kidevu. Nilifanya hivyo kwa brashi ngumu. Nilirudisha mikunjo ya shingo mmoja mmoja, na kila mmoja tata aliuhukumu. Huo ndio. Huo si wake, huo ni wa mama yetu. Alisema Loise alipoinama kulima aliviinua vitanzi na kuvitundika juu ya masikio yake, kama mtu anavyotundika kikombe, na kwamba upande wa juu wa sikio ulikuwa umelala kidogo kwa sababu hiyo. Nikaulaza. Akashika kibao kwa mkono mmoja bila kujua, na mstari wangu ukaruka, na hakuna aliyecheka. Saa tisa na nusu. Simu ya Ireri ililia. Dereva wa gari la maiti alikuwa anauliza kama watoke mapema, mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Mbeere na ile barabara ikilowa haipitiki. Ireri alimwambia asubiri. Alikuwa anatembea kati ya mlango na meza, hatua nne kwenda, nne kurudi, na kila alipopita nyuma yangu kivuli chake kilipita juu ya uso wa mama yake.

"Sasa la kushoto," tata akasema. "Hilo lilikatika."

Nikakumbuka mstari uliokatika. "Lilikatika wapi, cucu?"

"Hapa chini. Zikabaki nyuzi mbili za nyama, moja ndefu, moja fupi."

"Lilishikwa na mti wa miiba," Ireri akasema kutoka mlangoni, akiwa na haraka. "Akichunga mbuzi. Tata, hilo si lazima. Chora yote mawili yakiwa mazima, tafadhali, tunachelewa."

Tata Tabitha aligeuka kwenye kiti, mwili mzima. "Mti gani?"

"Mama aliniambia."

"Alikuambia mti." Kisha akasema kwa Kimbeere, na kwa kuwa Ireri hakutafsiri, Kagendo alinitafsiria chinichini, Kimeru chake kikimtosha: "Ulikuwa mgongoni mwake. Ulikuwa na meno mawili. Ulilishika kwa mikono miwili ukalala nalo, ukaota, ukavuta. Alipiga kelele mpaka mimi nikatoka nyumbani kwangu na mwiko. Nilimwambia twende akashonwe, sasa ana sababu. Akakataa. Akasema ni wewe umemwandika alama yako."

Mashine ya unga ilizimwa wakati huo, kama vinavyofanya vitu vya aina hiyo, bila kuangalia nani anahitaji kelele. Ireri alikuwa ameshika fremu ya mlango. Nilimwona akifungua mdomo kuuliza kitu na kukosa mtu wa kumuuliza. Aliketi juu ya boksi la karatasi za printa, suti na yote, na boksi likabonyea. Simu ikalia tena mfukoni mwake, ikalia mpaka ikachoka.

"Lichore hivyo," akasema hatimaye. Hakuwa ananiambia mimi hasa. "Vile lilikatika."

Nililichora. Nimeandika vitabu vitatu tangu siku hiyo na sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu ule. Uzi mrefu, uzi mfupi, kovu linalong'aa kidogo pale nyama ilipojifunga yenyewe. Kagendo aliigeuza picha mara moja, kushoto ikawa kulia, na uso ukabaki uso. Akanipiga begani kwa kidole kimoja, akabonyeza kuchapisha.

Karatasi ilitoka saa kumi na nusu, mbichi, inanuka wino. Nilimwambia tata asubiri ikauke. Hakusubiri. Aliichukua kwa mikono yote miwili, akaiweka magotini, akaweka kidole gumba juu ya sikio lililokatika, akalisugua polepole kuelekea chini, kama mtu anayepangusa. Wino ukamfuata. Ukaacha doa la hudhurungi lililoshuka shingoni mwa Loise, juu ya kivuli changu nilichokihangaikia saa nzima. Niliruka kutoka kwenye kiti. Kagendo akanishika kola kutoka nyuma.

"Wacha," akasema.

Tata alitazama kidole chake, kisha picha. "Mdomo si wake," akasema. "Loise hakuwa anafunga mdomo." Kisha akainama karibu zaidi, na sauti yake ikabadilika, ikawa kali, sauti ya dada mdogo aliyechoshwa. Hii, hata kwa Kimbeere, sikuhitaji kutafsiriwa. Alimuuliza Loise alikuwa anakimbilia nini. Alimuuliza kama hakuona maji yalikuwa mekundu. Alimwambia kila mtu alimwambia asubiri mpaka yapungue, na kwamba maisha yake yote alikuwa mtu wa kutosikia, na masikio makubwa hivyo. Ireri alisimama mlangoni na funguo mkononi, mvua ikianza kugonga bati, na hakumkatiza. Gari la maiti liliondoka Embu saa kumi na mbili kasorobo, likiwa limechelewa sana, kwa sababu tata Tabitha alikuwa bado hajamaliza kumgombeza.